1KZ-TE: Mwongozo kamili wa kununua na kutunza Prado au Surf ya dizeli ukiwa Mwanza

Injini nyingi za 1KZ-TE, ile dizeli ya Toyota, nilizoziona zikifunguliwa hapa Mwanza zilifunguliwa kwa sababu moja: maji yaliisha, au yalikuwemo lakini hayazunguki. Pistoni nzima, krenki nzima, tabo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini) inazunguka bila kelele, ila hedi, sehemu ya juu ya injini inayobeba vali, ina ufa mwembamba kama unywele kati ya vali mbili. Gari linalala gereji wiki sita, mwenyewe anapanda daladala, na chanzo ni mpira wa maji uliochoka ambao kila aliyefungua boneti aliuona, kisha akafunga boneti tena.

Naandika kwa ajili ya mtu anayetaka kununua Prado au Hilux Surf ya miaka ya 1990, na kwa yule aliyekwisha kununua na anataka iishi. Yote nitakayoeleza yanarudi kwenye maji. Ukiyatunza maji, hii ni injini ya kumwachia mwanao.

Ijue injini kabla ya kuinunua

Toyota waliitoa 1KZ-TE mwaka 1993. Ilifungwa kwenye Hilux Surf, kwenye Prado ya zamani ya umbo la pembe, kisha kwenye Prado ya 90 iliyoanza 1996, ile ambayo barabara ya Mwanza kwenda Musoma imeizoea. Ina silinda 4 na ujazo wa sentimita za ujazo 2,982. Kipenyo cha silinda ni milimita 96, na pistoni inasafiri milimita 103. Safari hiyo ndefu kuliko kipenyo, pamoja na tabo, inaipa nguvu ya kuvuta ikiwa kwenye mizunguko ya chini: mvuto wake mkubwa unapatikana kwenye mizunguko 2,000 tu kwa dakika. Ndiyo maana Surf iliyobeba magunia inapanda mlima bila kulalamika wakati gari dogo la petroli linapiga kelele pembeni yake.

Nguvu ya farasi inategemea toleo. Za mwanzo zisizo na intakula (kipozeo cha hewa inayotoka kwenye tabo) zilitoa takriban 125 hadi 130. Zilizofuata, zenye intakula juu ya injini na tundu la upepo kwenye boneti, zilifika 140 na kidogo zaidi. Nchini Japani, injini mpya ya 1KD, yenye bomba moja la mgandamizo mkubwa (reli) linalogawa dizeli kwa nozeli zote, ilianza kushika nafasi yake mwaka 2000. Herufi E mwishoni mwa jina inakuambia kwamba pampu ya dizeli inaongozwa na kompyuta. Ipo pia 1KZ-T isiyo na E, yenye pampu ya mekanika, kwa hiyo soma jina lote kabla hujaagiza spea.

Chini, injini hii ni chuma kitupu. Bloku, mwili wa injini wenye silinda, ni chuma cha kusubu na krenki ni nzito. Kilomita 300,000 si uzee kwake kama oili ilibadilishwa kwa wakati. Udhaifu uko juu. Hedi ni ya aluminiamu, na dizeli haichomwi moja kwa moja juu ya pistoni. Inaanzia kwenye chumba kidogo kilichochongwa ndani ya hedi, halafu moto unatoka humo kwa nguvu kwenda kusukuma pistoni. Mfumo huo unaifanya injini iwe tulivu, isigonge sana, lakini joto kubwa linabaki kwenye hedi. Aluminiamu inatanuka kuliko chuma, na hapo zimebanwa pamoja kwa bolti. Maji yakikosekana dakika chache, nyufa zinaanza kuzunguka vyumba hivyo vidogo na kati ya vali.

Ongeza na hili la kwetu. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Mwanza yote iko hapo au juu zaidi. Sufuria wazi hapa inachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Ndani ya rejeta kinachozuia maji yasichemke mapema ni mgandamizo, na mgandamizo unashikwa na mfuniko. Mfuniko ulioandikwa 0.9, yaani kiwango cha mgandamizo unaoshika, ukiwa mzima unayaruhusu maji yafike karibu nyuzi 116 kabla ya kuchemka. Mpira wake ukikatika unarudi kwenye 96, na injini inayofanya kazi kati ya 80 na 95 inabaki haina nafasi ya kupumua. Kwa hiyo mfuniko wa rejeta ni spea ya kwanza kununua, na ununue mzuri.

Siku ya kwenda kuliangalia gari

Mwambie dalali unakuja saa moja asubuhi na hutaki gari liwashwe kabla hujafika. Ukifika weka kiganja juu ya injini. Ikiwa ya moto, kuna kitu kimefichwa kwa kupashwa. Ahirisha, rudi kesho yake bila taarifa. Maneno ya "gari kavu hili bosi, dada mmoja tu ndiye alikuwa analiendesha" yasikuharakishe.

Injini ikiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta. Unatafuta kulanti (dawa ya maji ya rejeta) safi yenye rangi, nyekundu au kijani. Maji ya rangi ya chai ya rangi maana yake gari limeishi kwa maji ya bomba au ya ziwani, na kutu imeshaanza safari. Utando wa mafuta unaong'aa juu ya maji ni dalili mbaya. Uji wa pinki kama maziwa ya stroberi kwenye gari la otomatiki una maana nyingine: kipozeo cha mafuta ya gia kilichomo ndani ya rejeta kimetoboka, mafuta na maji yamechanganyika, na giaboksi nayo iko hatarini. Funga mfuniko, shukuru, ondoka.

Sasa liwashwe. Shika mpira mkubwa wa juu wa rejeta na uubonyeze. Injini baridi inapaswa kuwa na mpira laini dakika za mwanzo, kwa sababu maji hayajapata moto wa kuyasukuma. Ukiwa mgumu kama tairi la baiskeli ndani ya dakika moja au mbili, ujue gesi ya moto inapenya kutoka kwenye silinda kuingia kwenye njia ya maji. Hiyo ni gasketi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, au hedi yenyewe.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha chupa. Chukua chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, iliyojaa hadi nusu. Chomoa ule mpira mwembamba unaotoka shingoni mwa rejeta kwenda kwenye tangi la akiba, uingize ndani ya chupa hadi ncha izame. Injini ikiendelea kupata joto utaona mapovu kadhaa, halafu yanakoma. Huo ni utanukaji wa kawaida. Sasa mtu akanyage mafuta hadi mizunguko 2,500 na kuishikilia hapo. Mapovu yakiendelea bila kukoma, moja baada ya jingine kama soda iliyofunguliwa, hedi hiyo ina tatizo hata kama geji ya joto imetulia katikati.

Geji hiyo usiitegemee. Toyota waliitengeneza ibaki katikati kwa kiwango kipana cha joto ili dereva asihangaike. Sindano ikianza kupanda, hedi imekwisha kupata moto zaidi ya unavyodhani.

Baada ya hapo liendeshe, na usiishie barabara ya tambarare ya Airport. Lipeleke kwenye kilima cha Bugando, au toka nalo nje hadi Usagara kwa mwendo wa kasi na AC ikiwa imewashwa, halafu rudi. Ukifika liache lingurume bila kukanyaga mafuta dakika kumi, tazama chini kama kuna tone. Lala chini uangalie na mabomba ya maji ya hita ya nyuma: mengi ya magari haya yana hita ya nyuma, na mabomba yake yanapita chini ya sakafu ambako yanaoza kwa kutu polepole. Huku kwetu hakuna anayewasha hita, basi hakuna anayeyakumbuka, hadi siku yanapotoboka na kumwaga maji yote njiani.

Kama mwenye gari anakubali, rudi kesho yake asubuhi na ubonyeze tena mpira wa juu kabla injini haijawashwa. Umelala usiku mzima, unapaswa kuwa laini. Ukiukuta bado mgumu na ukifungua mfuniko unasikia "fyuu", umeokoa fedha zako.

Mengine ni ya haraka. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma: moshi kidogo ni kawaida, moshi unaosukuma mkono ni pete za pistoni. Moshi mweupe unaodumu baada ya injini kupata moto, wenye harufu tamu, ni maji yanaungua. Wa bluu ni oili. Mweusi mara nyingi ni chujio la hewa au nozeli, na hauna haja ya kukutisha. Hakikisha namba ya injini inalingana na ya kwenye kadi ya gari.

Kuna na njia ya kuisikiliza kompyuta bila mashine. Kwenye kisanduku cha uchunguzi ndani ya boneti, unganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, kisha washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini kwenye dashibodi itapepesa. Ikipepesa mfululizo kwa mwendo uleule, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikipepesa kwa mafungu, hesabu: mbili, pumziko, mbili ni 22, yaani kihisi cha joto la maji au waya zake. Kama taa ya injini haiwaki kabisa swichi inapofunguliwa, mtu ameitoa balbu.

Wiki ya kwanza ukiwa nalo

Usilipeleke safari. Lipeleke kwa fundi, toa rejeta yote nje. Kusafisha likiwa limefungwa hakutoshi hapa kwetu, na sababu iko kati ya kondensa ya AC na rejeta. Nilipotoa ya kwangu mara ya kwanza nilikuta mkeka: wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopaa kama moshi jioni, maelfu, wamekauka, wameshikana na vumbi jekundu na nyuzi za katani hadi huwezi kuona mwanga upande wa pili. Hewa ingepita wapi? Osha kwa maji ya msukumo mdogo kutoka upande wa injini kwenda mbele, usitumie mashine ya nguvu ya kuoshea magari maana inalaza mapezi ya rejeta. Rudia kila baada ya miezi sita, na kila baada ya msimu wa wadudu hao kama unaishi Kirumba, Igombe au popote ufukweni.

Kisha angalia klachi ya feni. Injini ikiwa baridi na imezimwa, feni izunguke kwa mkono kwa uzito kidogo. Injini ikiwa ya moto sana na imezimwa, iwe nzito zaidi. Ikizunguka kirahisi wakati wote kama pangaboi, au kuna michirizi ya mafuta katikati yake, imekufa. Ukiwa kwenye foleni ya Mabatini haitavuta hewa ya kutosha.

Badilisha mipira yote ya maji, mfuniko, na themostati, ile vali inayofunguka kwa joto kupeleka maji kwenye rejeta. Pampu ya maji ibadilishwe pamoja na mkanda wa taimingi kama historia yake haijulikani. Jaza kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyoondolewa madini, yale ya kuongezea betri (si asidi), au maji ya mvua safi kama hayo hayapatikani. Mfumo unabeba zaidi ya lita 10, hivyo usinunue galoni moja ukadhani umemaliza. Fungua bomba la hita ya mbele na ya nyuma hadi mwisho wakati wa kujaza ili hewa itoke, acha injini ingurume mfuniko ukiwa wazi, ongeza kadiri yanavyoshuka. Hewa iliyonaswa kwenye hedi inaua kama ukosefu wa maji.

Maji ya ziwani kamwe. Yana udongo na madini, na aluminiamu inapokaa na chuma ndani ya maji yasiyo na dawa, aluminiamu inaliwa. Ukifungua hedi iliyoishi hivyo, midomo ya njia za maji imemumunyuka kama sabuni.

Usikubali themostati itolewe

Hili linanigusa mwenyewe. Surf yangu ya kwanza ilianza kupandisha joto kidogo, nikaipeleka gereji moja mjini. Fundi akatoa themostati, akanipa mkononi: "Hii ni ya nchi za baridi, kaka. Huku haina kazi." Nikamlipa na kumshukuru. Miezi mitatu baadaye, enzi za kivuko kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa 2025, nikashuka kivukoni na kuanza kupanda kuelekea Sengerema. Lilichemsha kabla sijafika mbali.

Mzee aliyefungua ile hedi alinikalisha kwenye kreti la soda akanionyesha. "Mwanangu, tazama hapa." Themostati ya gari hili ina sahani mbili. Ya juu ikifunguka kupeleka maji kwenye rejeta, ya chini inashuka na kuziba njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupozwa. "Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Maji yanachagua njia fupi, kama wewe unavyokatiza uwanjani badala ya kuzunguka." Ndiyo maana bila themostati gari linakuwa baridi mno tambarare na linachemka mlimani, pale hasa unapohitaji rejeta. Nikamjibu, "Nimekuelewa, mzee," na tangu siku ile sijamruhusu mtu aitoe.

Ipime mwenyewe kabla ya kuifunga: itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni, uyapashe, uione ikifunguka. Ikikataa, nunua nyingine.

Likichemsha njiani

Simama penye usalama, zima AC. Kama hakuna mvuke wala maji yanayomwagika, acha injini ingurume taratibu, washa hita kwa nguvu zote hata kama jua ni kali, na tazama sindano. Ikishuka, vizuri. Kama kuna mvuke au maji yanamwagika, au sindano haishuki, zima mara moja.

Sasa subiri. Nusu saa ni kidogo. Saa nzima ni bora. Watoto watakuja na ndoo ya maji ya ziwa, kwa moyo mwema kabisa, na abiria watakuhimiza. Maji baridi juu ya hedi ya moto ndiyo yanayoupasua ufa ambao ulikuwa haujatokea. Mfuniko ufunguliwe kwa kitambaa kinene, robo mzunguko kwanza, baada ya mpira wa juu kuwa laini mkononi. Ongeza maji kidogokidogo injini ikiwa inanguruma. Hapo ndipo pekee ambapo ya ziwani yanaruhusiwa, na kesho yake mfumo wote usafishwe.

Bora zaidi ni kufunga kengele ya joto, kihisi kidogo kinachobanwa kwenye bolti ya hedi na kulia ndani ya gari joto likivuka kiwango ulichoweka. Fundi umeme anaifunga kwa saa moja.

Hedi ikishapasuka

Usikubali ichongwe na kurudishwa bila kupimwa kwa mgandamizo. Ufa mdogo sana kati ya vali usiofika kwenye njia ya maji unaweza kuvumilika. Ule unaovuja unataka hedi nyingine. Kuchomelea aluminiamu ya hedi hii nimeona kukishika mwaka mmoja na nimeona kukishika wiki mbili. Kama mfuko unaruhusu, nunua hedi mpya kuliko iliyotumika, kwa sababu ya mtumba nayo huenda ilitolewa kwa ugonjwa uleule.

Gasketi za injini hii zina unene zaidi ya mmoja. Fundi anapaswa kupima pistoni zinachomoza kiasi gani juu ya bloku, ndipo achague gasketi. Akikuambia zote ni sawa, tafuta mwingine. Bolti ziwe mpya, zikazwe kwa spana ya kipimo na kisha kuzungushwa kwa nyuzi kwa hatua, kuanzia katikati kwenda pembeni. Kukaza kwa kusikilizia mkono kunarudisha gari gereji.

Oili, mkanda, dizeli na tabo

Oili ni 15W-40 ya dizeli, lita 7 hivi pamoja na chujio, ila kijiti ndicho kiamue. Badilisha kila kilomita 5,000. Tabo inalainishwa na oili hiyohiyo, kwa hiyo baada ya mwendo mrefu acha injini ingurume dakika moja au mbili kabla ya kuzima.

Mkanda wa taimingi ni mfupi: gia zinazungusha pampu ya dizeli, na mkanda unapanda kutoka hapo kwenda kwenye kamshafti. Ubadilishwe kila kilomita 100,000, pamoja na beringi yake ya kukaza. Ukikatika, vali zinagonga pistoni. Taa ya mkanda kwenye dashibodi huwezi kuiamini kwenye gari la mtumba, maana inawekwa upya kirahisi.

Dizeli ya dumu, hasa unapokwenda Ukerewe na vijijini mwa ufukwe, mara nyingi ina maji. Legeza kizibo cha chini cha chujio kila mwezi umwage kilichotulia, kisha pampu kwa mkono hadi iwe ngumu. Maji yakifika kwenye pampu yanaharibu ile vali ya umeme inayokata dizeli. Dalili yake ni gari kuwaka vizuri asubuhi na kukataa likiwa la moto, au kuzima lenyewe barabarani. Kabla hujauziwa pampu nzima, ipimwe vali hiyo na waya zake.

Baada ya kazi yoyote ya maji au ya hedi, kila asubuhi kwa mwezi wa kwanza fungua boneti kabla ya kuwasha. Bonyeza mpira wa juu. Tazama alama kwenye tangi la akiba, weka mstari wa kalamu ya wino pale maji yalipo. Yakishuka chini ya mstari na hakuna tone chini ya gari, rudi kwenye kipimo cha chupa siku hiyohiyo.